Jenga Upya au Pima Upya: Mvutano wa Indeksi na Takwimu katika Kanzidata

Mteja anapoambiwa kaunta kwamba "mfumo unasumbua", mara nyingi mtandao hauna kosa na seva haijazimika. Swali moja kwa kanzidata, ambalo jana lilijibiwa kwa nusu sekunde, leo linachukua dakika sita, na maswali mengine yamepanga foleni nyuma yake. Akipigiwa simu mtu wa TEHAMA, dawa iliyozoeleka ni moja: jenga indeksi upya. Anaijenga usiku, asubuhi mfumo unakwenda vizuri, na tangu hapo kazi hiyo inaingia kwenye ratiba ya kila Jumapili usiku wa manane. Katika ofisi nyingine, mwenzake hajengi chochote upya. Anaongeza indeksi mpya. Wa tatu anasema injini za siku hizi zinajitunza zenyewe, kwa hiyo ziachwe.

Kila mmoja wao amewahi kuona dawa yake ikifanya kazi, na hapo ndipo wasimamizi na wasanidi wachanga wanapochanganyikiwa. Dawa tatu tofauti zinaonekana kutibu homa moja. Uchambuzi huu unapima misimamo hiyo, nguvu zake na udhaifu wake. Msimamo wangu nautaja mapema: sehemu kubwa ya sifa wanazopewa wanaojenga indeksi upya ni ya takwimu, na kutojua hilo kunazigharimu taasisi zetu saa nyingi za usiku, diski nyingi, na mara nyingine huduma yenyewe.

## Vitu viwili, kazi mbili

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, alichapisha makala iliyoweka msingi wa kanzidata za kimahusiano. Kiini chake kilikuwa kumwondolea mtumiaji mzigo wa kujua data imelala wapi na imepangwaje. Mtumiaji aseme anataka nini, mashine itafute njia ya kukipata. Tunaufurahia urahisi huo kila tunapoandika SQL, lakini matatizo yote yanayojadiliwa hapa yanatoka humo humo, kwa sababu njia ni lazima ichaguliwe, na anayechagua anaweza kukosea.

Indeksi ni njia ya mkato. Muundo unaotumiwa na karibu injini zote, mti uitwao B-tree, ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa katika maabara ya utafiti ya Boeing, na makala yao ikachapishwa katika jarida mwaka 1972. Nguvu ya mti huo ni upana wake. Ukurasa mmoja ukibeba viingilio 300, ngazi tatu zinatosha kufikia mistari 27,000,000. Ndiyo maana mtu mwenye namba ya kitambulisho cha NIDA, yenye tarakimu 20, anaweza kupatikana katikati ya mamilioni kwa kusoma kurasa tatu au nne tu.

Takwimu hazimfikishi mtu popote. Ni muhtasari ambao kanzidata huuweka kuhusu data yake: jedwali lina mistari mingapi, safu ina thamani ngapi tofauti, zipi zinajirudia sana, ya chini kabisa ni ipi na ya juu kabisa ni ipi. Kipangaji, yaani sehemu ya injini inayochagua njia, husoma muhtasari huo na kukadiria kama swali litarudisha mistari kumi au laki tano. Ikiwa ni kumi, indeksi ndiyo njia. Ikiwa ni laki tano, kulisoma jedwali lote kwa mfululizo kunaweza kuwa nafuu kuliko kurukia ukurasa huu na ule mara laki tano. Anayeshangaa kwa nini indeksi yake "haitumiki" mara nyingi anatazama uamuzi wa aina hii, na pengine uamuzi huo ni sahihi.

Mbinu ya kuchagua njia kwa kulinganisha gharama ilielezwa mwaka 1979 na Patricia Selinger na wenzake wa mradi wa System R wa IBM. Ndani ya makala yao kuna uamuzi mmoja ambao bado unatuandama. Takwimu hazikusasishwa kila mstari ulipoingizwa au kufutwa, kwa kuwa hilo lingeongeza kazi na kufanya kila muamala ugombee kufuli la takwimu zilezile. Zilisasishwa kwa vipindi, kwa amri maalumu. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo ilikubaliwa kwamba takwimu zitakuwa picha ya zamani kidogo, na mabishano ya leo ni juu ya uzamani unaovumilika.

## Wanaojenga upya kila wiki

Hoja yao ina msingi wa kweli. Ukurasa wa mti ukijaa hugawanyika kuwa mbili, na baada ya miezi kadhaa kurasa zinazofuatana kwa thamani hazifuatani tena kwenye diski. Enzi za diski za kuzunguka, jambo hilo liliumiza sana. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huhitaji zaidi ya milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na kila kuruka kulikuwa na maana ya kungoja sehemu ya mzunguko huo, pamoja na muda wa kichwa cha kusomea kuhama. Indeksi iliyoparaganyika ilisomwa kwa tabu, na iliyonyooshwa ilisomwa kwa mkupuo.

Kwa watumiaji wa SQL Server, hoja hii ilipata namba zilizokuja kuwa kama amri: mparaganyiko ukiwa kati ya asilimia 5 na 30, panga upya, ukizidi 30, jenga upya. Namba hizo zimenakiliwa katika hati za kazi zisizohesabika. Paul Randal, aliyekuwa mhandisi wa SQL Server huko Microsoft, ameeleza hadharani kwamba alizibuni yeye ili watu wapate mahali pa kuanzia. Hazikukusudiwa kuwa sheria kwa kila jedwali.

Udhaifu wa kwanza wa msimamo huu ni kwamba vifaa vimebadilika. Kwenye SSD hakuna kichwa cha kuhama wala sahani ya kungoja, na tofauti kati ya kusoma kwa mfululizo na kusoma kwa kuruka imepungua mno. Kinachobaki na uzito ni nafasi tupu ndani ya kurasa. Ukurasa uliojaa nusu unachukua kumbukumbu sawa na uliojaa wote, kwa hiyo indeksi yenye kurasa pungufu inapunguza data inayoweza kukaa kwenye kumbukumbu ya seva. Msimamizi anayepima mparaganyiko bila kupima ujazo wa kurasa anapima jambo lililopoteza umuhimu na kuliacha lenye maana.

Udhaifu wa pili unatokana na tabia ya mti wenyewe. Thamani zikiingia bila mpangilio, kurasa za B-tree hutulia zikiwa zimejaa kwa wastani wa asilimia 69 hivi. Hiyo ndiyo hali yake ya kawaida. Anayeijenga upya na kuijaza asilimia 100 ameiondoa kwenye utulivu wake, na wimbi la miamala ya Jumatatu asubuhi litazikuta kurasa zote zikiwa hazina nafasi. Zitaanza kugawanyika kwa wingi, kila mgawanyiko ukiandikwa kwenye logi, mpaka mti urudi ulikokuwa. Jumapili inayofuata mzunguko unaanza tena, na grafu ya mparaganyiko inampa msimamizi hakikisho kwamba kazi yake inahitajika.

Halafu kuna gharama. Kujenga upya indeksi ya gigabaiti 80 kunaweza kuzalisha logi ya ukubwa unaokaribia huo. Taasisi yenye seva kuu Dar es Salaam na seva ya dharura Dodoma italazimika kuipitisha logi yote kwenye kiungo kilekile kinachobeba miamala, na kwa saa kadhaa seva ya dharura inabaki nyuma. Janga likitokea katika saa hizo, miamala ambayo haijafika Dodoma imepotea. Tena, katika matoleo ya bei nafuu ya SQL Server na Oracle, indeksi haijengwi upya huku jedwali likiendelea kupokea miamala. Hiyo ni huduma ya toleo la Enterprise. PostgreSQL ilipata amri ya kujenga upya bila kuzuia uandishi katika toleo la 12, mwaka 2019.

Mbona basi mfumo unapona? Kwa sababu SQL Server inapojenga indeksi upya hufanya mambo matatu kwa mpigo. Inapanga kurasa. Inahesabu upya takwimu za indeksi hiyo kwa kusoma mistari yote, wala si sampuli. Tena inafanya mipango ya utekelezaji iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu itengenezwe upya. Mara nyingi mgonjwa ametibiwa na la pili au la tatu, lakini shukrani zote zikaenda kwa la kwanza, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwenye grafu.

Kuthibitisha hili hakuhitaji fedha. Siku mfumo utakapolemaa tena, sasisha takwimu za jedwali husika peke yake, kazi ya dakika chache, kisha upime. Ikiwa swali limerudi kwenye kasi yake, mparaganyiko haukuwa na kesi ya kujibu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa ofisi zinazohama injini, na siku hizi ni nyingi zinazotoka kwenye leseni ghali kwenda PostgreSQL. Msimamizi anahama na mazoea yake. Lakini katika PostgreSQL, kujenga indeksi upya hakuhesabu takwimu za safu. Hiyo ni kazi ya ANALYZE, amri tofauti kabisa. MySQL nayo, ukitumia OPTIMIZE TABLE kwa majedwali ya InnoDB, injini yake ya hifadhi, hulijenga jedwali lote upya na kisha kusasisha takwimu. Kwa hiyo desturi iliyoonekana kufaulu kwenye injini moja inaweza kuwa kazi bure kwenye nyingine, na mtu asiyejua sababu ya ufanisi wake wa zamani hatajua kwa nini sasa ameshindwa.

Kuna kosa jingine ambalo nimelazimika kulitaja kwa sababu limezagaa: hati ya kazi ya usiku inayojenga indeksi upya, kisha inasasisha takwimu zote kwa sampuli. Takwimu kamili zilizopatikana kwa kusoma kila mstari zinafutwa muda mfupi baadaye na nyingine za kukisia. Saa tatu za kazi zinaishia kuiacha kanzidata ikijijua kidogo kuliko ilivyostahili.

Kujenga upya kuna wakati wake, hata hivyo. Baada ya kuhamishia kumbukumbu za miaka mingi kwenye hifadhi na kufuta nusu ya jedwali, ni halali. Katika PostgreSQL, ambako matoleo ya zamani ya mistari hubaki mpaka yafagiliwe, indeksi iliyovimba kwa sababu muamala mmoja uliachwa wazi kwa siku nyingi haitapungua yenyewe. Na kuna dharura inayowapata wengi bila kutarajia: maktaba ya glibc ilibadilisha kanuni za kupanga maandishi katika toleo la 2.28 la mwaka 2018, na indeksi za maandishi za PostgreSQL zilizojengwa kabla ya mfumo endeshi kupandishwa toleo zikawa na mpangilio usiolingana na kanuni mpya. Hapo usahihi wa majibu wenyewe umo hatarini. Jina lililomo kwenye jedwali linaweza kuonekana halimo.

## Wanaoongeza indeksi

Msimamo wa pili una mvuto wa haraka. Swali linachelewa, indeksi inaongezwa, swali linakimbia. Hakuna kujenga upya usiku wala kuzima huduma. Kwa swali lenye kutafuta mistari michache ndani ya mamilioni, hakuna dawa inayoishinda, na mara nyingine ukosefu wa indeksi ni uzembe mtupu. Katika Oracle, ufunguo wa kigeni usio na indeksi unaweza kufanya ufutaji kwenye jedwali mama ulifunge jedwali tanzu lote. InnoDB huhakikisha indeksi hiyo ipo. PostgreSQL humwachia mwenyewe aikumbuke.

Lakini indeksi ni deni linalolipwa na kila anayeandika. Jedwali la miamala lenye indeksi saba linaandikwa mahali panane kila mstari mpya unapoingia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Uber, ambayo mwaka 2016 ilieleza hadharani kwamba mojawapo ya sababu za kuhama kutoka PostgreSQL kwenda MySQL ilikuwa wingi wa maandishi uliosababishwa na indeksi: badiliko la safu moja liliweza kulazimu indeksi zote za jedwali ziguswe. PostgreSQL ina njia ya kupunguza mzigo huo tangu toleo la 8.3, ila hufanya kazi pale tu ambapo hakuna safu yenye indeksi iliyobadilika na ukurasa una nafasi. Kila indeksi mpya inapunguza uwezekano wa sharti la kwanza kutimia.

Nyingi kati ya indeksi zinazoongezwa kwa haraka hata hazisaidii. Indeksi ya safu ya jinsia, yenye thamani mbili zilizogawana jedwali karibu nusu kwa nusu, kipangaji kitaipita. Indeksi ya tawi peke yake ni ziada pale ambapo ipo indeksi ya tawi na tarehe, kwa kuwa hiyo ya pili inaweza kufanya kazi ya ile ya kwanza. Kinyume chake si kweli: indeksi iliyoanza na tawi haimsaidii sana anayetafuta kwa tarehe tu.

Mfano wa karibu na sisi ni namba za simu. Mfumo mmoja unaziandika zikianza na sifuri, mwingine na 255 au 254, wa tatu unaweka alama ya kujumlisha mbele. Msanidi, badala ya kuzinyoosha wakati wa kuingiza, anaandika swali linalokata tarakimu tisa za mwisho kisha kulinganisha. Akishaizungushia safu kitendo hicho, indeksi ya kawaida ya safu haina kazi tena. Jedwali lote linasomwa. Anaongeza indeksi nyingine, nayo haitumiki. Tiba ni namba zihifadhiwe kwa umbo moja, au, pale isipowezekana, indeksi ijengwe juu ya matokeo ya kitendo chenyewe, jambo ambalo Oracle na PostgreSQL zinaliruhusu. Hapa hakuna kiasi cha kujenga upya wala kusasisha takwimu kitakachosaidia.

Kuziondoa zilizozidi nako kuna mtego. Injini huhesabu mara ambazo indeksi imetumika, na ni rahisi kufuta yenye sifuri. Lakini katika SQL Server hesabu hiyo huanza upya huduma inapowashwa upya. Katika PostgreSQL, seva ya nakala inayohudumia ripoti ina hesabu zake, tofauti na za seva kuu. Mwaka wa fedha wa serikali za Tanzania, Kenya na Uganda hufungwa tarehe 30 Juni; indeksi iliyoonekana haina kazi kuanzia Februari hadi Mei inaweza kuwa ndiyo inayobeba ripoti zote za kufunga hesabu. Njia ya busara ni kuificha kwanza. Oracle tangu toleo la 11g, na MySQL tangu 8.0, huruhusu indeksi isionekane na kipangaji huku ikiendelea kutunzwa, ili ikihitajika irudishwe papo hapo bila kujengwa upya.

## Wanaoiachia mashine

Wanaosema injini zinajitunza nao wana ushahidi. Oracle ilianza kukusanya takwimu yenyewe katika 10g, SQL Server huzisasisha swali linapozihitaji, PostgreSQL ina mchakato wake wa nyuma, na InnoDB hukokotoa upya baada ya takriban asilimia 10 ya jedwali kubadilika. Kwa mifumo midogo na ya kati, utaratibu huu unafanya kazi nzuri kuliko hati nyingi zilizoandikwa kwa mkono. Anayeuzima kwa kuogopa kuchelewesha miamala mara nyingi analeta madhara makubwa kuliko aliyoyakwepa.

Tatizo liko kwenye asilimia. Tuchukue jedwali la miamala lenye mistari 50,000,000 linaloongezeka mistari 100,000 kwa siku. PostgreSQL, kwa mpangilio wake wa awali, husubiri mabadiliko 50 pamoja na asilimia 10 ya jedwali, yaani zaidi ya mistari milioni tano. Hizo ni siku 50. SQL Server kwa kanuni yake ya zamani ilisubiri mabadiliko 500 na asilimia 20, yaani siku 100 hivi. Kuanzia toleo la 2016 kanuni mpya hutumia kipeuo cha pili cha mara 1,000 ya idadi ya mistari, kama kiwango hicho ni kidogo kuliko cha zamani. Kwa jedwali letu ni karibu mistari 223,600, chini ya siku tatu. Uboreshaji huo ni mkubwa, lakini kanzidata iliyopandishwa seva na kuachwa kwenye kiwango cha ulinganifu cha zamani haiupati.

Siku 50 zingevumilika kama maswali yangehusu miaka iliyopita. Lakini katika benki, SACCOS au hospitali, watu huuliza kuhusu leo na jana. Takwimu zilizohesabiwa wiki tatu zilizopita zinasema tarehe ya juu kabisa ni ya wiki tatu zilizopita. Kipangaji kikiulizwa miamala ya jana kinaiona iko nje ya data kinayoijua, na kinaweza kukadiria mstari mmoja. Kwa mstari mmoja huchagua kuunganisha majedwali kwa kurudia kitendo mara moja kwa kila mstari, mpango mzuri kabisa kwa kazi ndogo. Ikija mistari 100,000, kitendo hicho kinarudiwa mara 100,000, na ripoti ya dakika moja inakesha. PostgreSQL hujaribu kuchungulia ncha ya indeksi ili kujua thamani halisi ya juu, na SQL Server ilibadilisha makadirio yake katika toleo la 2014, lakini hakuna injini iliyolimaliza tatizo hili.

Tiba haimhitaji mtaalamu wa mbali. Majedwali makubwa yanayokua kwa tarehe yapewe kizingiti chake, kidogo kuliko cha majedwali mengine, au yasasishwe kwa ratiba ya kila usiku. PostgreSQL huruhusu kuweka kizingiti kwa jedwali moja moja. Ni mstari mmoja wa amri, na ofisi nyingi zinazoteseka na ripoti za asubuhi hazijawahi kuuandika.

## Takwimu mpya, makadirio mabaya

Kuna jambo linalozikabili kambi zote tatu, na nadhani ndilo linalostahili kufikiriwa zaidi. Takwimu zinaweza kuwa za dakika hii na bado zikapotosha.

Tuseme jedwali la wanachama lina mistari 1,000,000. Waliopo mkoa wa Tanga ni 40,000, na waliopo wilaya ya Lushoto ni 6,200. Mtu akiuliza walio Tanga na Lushoto, jibu ni 6,200, kwa kuwa Lushoto yote iko Tanga. Kipangaji hakijui jiografia. Kinachukulia kwamba safu hizo mbili hazihusiani, kinazidisha asilimia 4 kwa asilimia 0.62, na kupata mistari 248. Kosa la mara 25, kutoka kwenye takwimu zisizo na dosari hata moja. PostgreSQL tangu toleo la 10 inaruhusu kuijulisha injini kwamba safu hizo zinategemeana, na SQL Server na Oracle zina njia zao; lakini lazima mtu anayeijua data aseme.

Mgawanyo usio sawa ni tatizo la pili. Safu ya hali ya muamala inaweza kuwa na "umekamilika" kwa zaidi ya asilimia 99 na "unasubiri" kwa mistari mia chache. Histogramu nzuri hulionyesha hilo. Lakini mpango uliotengenezwa kwa ajili ya "unasubiri" ukihifadhiwa na kutumiwa tena kwa "umekamilika", mfumo unalemaa. Na msimamizi akijenga indeksi upya, mpango unatengenezwa upya, tatizo linaondoka hadi litakaporudi. Hapa indeksi ndogo inayoshika mistari ya "unasubiri" peke yake, inayowezekana katika PostgreSQL na SQL Server, hufanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Tatu ni sampuli. Kwa mpangilio wa awali, PostgreSQL huchukua mistari 30,000 bila kujali jedwali lina milioni moja au bilioni moja, na InnoDB huchungulia kurasa 20 tu za indeksi. Kwa data iliyotawanyika vizuri inatosha. Kwa safu yenye thamani nyingi zilizojikusanya mahali pamoja, idadi ya thamani tofauti inaweza kukadiriwa chini mno.

Makosa haya huzidishana. Mwaka 2015 Viktor Leis na wenzake walijaribu injini kadhaa kwa data halisi ya filamu, badala ya data iliyotengenezwa kwa majaribio, na wakaona makadirio yakizidi kupotoka kadiri majedwali yanayounganishwa yanavyoongezeka. Matokeo yao mengine yanagusa moja kwa moja mvutano wetu: kanzidata ilipokuwa na indeksi za funguo kuu peke yake, makadirio mabaya hayakuumiza sana, lakini indeksi za funguo za kigeni zilipoongezwa, pengo kati ya mpango uliochaguliwa na mpango bora lilikua. Sababu inaeleweka. Njia zikiwa chache, hata asiyejua hawezi kupotea mbali. Zikiongezeka, zipo bora zaidi na mbaya zaidi, na kinachoamua ni ubora wa makadirio. Kwa hiyo anayeongeza indeksi bila kutunza takwimu anaongeza pia nafasi za kipangaji kukosea.

Kutokana na hofu hiyo, wapo wanaogandisha takwimu au mipango yenyewe. Oracle inaruhusu kufunga takwimu za jedwali na, tangu 11g, kuidhinisha mipango. SQL Server ya 2016 ilileta hifadhi ya maswali inayoweza kushurutisha mpango fulani. Faida yake ni utulivu, na kwa usiku wa kufunga mwezi utulivu ni mali. Udhaifu ni kwamba data haigandi pamoja na mpango. Naona ni kinga nzuri kwa maswali machache muhimu yanayofahamika, na ni hatari ikiwa sera ya kanzidata nzima.

## Mizani

Nikiweka yote pamoja, ningepanga juhudi kwa mpangilio unaopingana na ratiba nyingi za sasa. Kwanza takwimu: zipo, ni za lini, zinalingana na ukweli kiasi gani. Kipimo chake kimo ndani ya injini yenyewe, kwa kulinganisha mistari iliyokadiriwa na iliyopatikana katika mpango wa swali lililochelewa. Tofauti ikiwa ndogo, takwimu hazina lawama na ni halali kutafuta kwingine. Ikiwa ya mara mia, kugusa indeksi kabla ya kuelewa tofauti hiyo ni kubahatisha. Pili ni orodha ya indeksi, zinazokosekana na zilizozidi, zikihukumiwa kwa mwaka mzima wa fedha. Kujenga upya ni kwa mwisho, kwa jedwali lililothibitika kuwa na kurasa tupu au indeksi mbovu.

Mpangilio huu una gharama. Kusoma mpango wa utekelezaji kunahitaji mtu aliyefundishwa, ilhali hati ya Jumapili inaweza kuendeshwa na yeyote. Taasisi ndogo yenye mtu mmoja wa TEHAMA, ambaye pia anatengeneza printa, ina sababu ya kupenda hati. Kwake ningependekeza hati iyo hiyo ibadilishwe: iondolewe ujenzi wa indeksi, ibaki na kusasisha takwimu za majedwali makubwa kila usiku. Itakwisha mapema, haitaijaza logi, na itatibu sehemu kubwa ya kile alichodhani anakitibu.

Zipo pia nyakati mbili ambapo hata aliyeiachia mashine kila kitu anapaswa kuingilia kati. Ya kwanza ni baada ya kuingiza data kwa wingi, kwa mfano wanachama wote wa mfumo wa zamani kuhamishiwa mpya kwa usiku mmoja. Takwimu zisasishwe kabla milango haijafunguliwa. Ya pili ni kupandisha toleo. Mpaka PostgreSQL 18 ilipotoka mwaka 2025, chombo rasmi cha kupandisha toleo, pg_upgrade, hakikubeba takwimu za kipangaji, na hata katika 18 zile zilizotengenezwa kwa safu zinazotegemeana hazihamishwi. Kanzidata inaamka ikiwa na data yote na indeksi zote, bila kujua chochote kuhusu data hiyo. Ofisi inayohama kutoka toleo la zamani iandike ANALYZE kwenye mpango kazi wake mara baada ya seva kuwashwa, na itenge muda wake ndani ya dirisha la matengenezo lililotangazwa kwa wateja.